Bibi kaacha kasha na hadithi zinazogongana, naanzia wapi kutafuta ukoo?

mjukuu_wa_Muheza

Wakuu habari za saa hizi, wakubwa wote shikamooni. Nina jambo linanisumbua naomba mawazo.

Bibi yetu mzaa baba alifariki mwaka jana, mtu mzima sana, na baada ya arobaini shangazi akafungua kasha lake la mninga, lile ambalo tukiwa wadogo ukilisogelea tu unakula kofi. Dhahabu hakuna, kuna watu walinuna siku ile (nawajua na wenyewe wanajijua), ila kuna vitu mi naona vina maana kuliko dhahabu. Kuna riale moja kubwa ya fedha ina sura ya mwanamke mnene na mwaka 1780, imechomelewa kikuku juu kama ya kuvaa shingoni. Kuna nishani ya nyota imeandikwa THE BURMA STAR na utepe wake umeliwa na nondo. Kuna kadi ngumu ya kazi ya shamba la mkonge ina vijichumba vya siku, jina la shamba limefutika. Picha ya babu kavaa kofia ya jeshi imekunjwa upande, nyuma ina muhuri wa studio nusu nzima nusu imechanika. Na msahafu mkongwe kurasa za mwanzo zimeandikwa kwa mkono, lugha ni Kiswahili lakini herufi za Kiarabu, madrasa nilienda lakini nasoma kwa kukwamakwama.

Sasa hadithi. Babu alikuwa Mngoni wa Songea, kaja huku Tanga kwenye mkonge kama manamba (kibarua wa mkataba), afu vita ya pili akachukuliwa Keya (KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki) akaenda Bama (Burma). Baba yake eti alinyongwa na Mjerumani kwenye Majimaji. Upande wa bibi ni watu wa Pangani, na wao wanasema babu wa babu yao alishuka na jahazi kutoka Arabuni mwaka 1780 na ushahidi ndo hiyo riale. Halafu bibi alikuwa na kaka yake mkubwa ambae "aliliwa na bahari" wakati wa vita, kaburi hakuna, kila mwaka bibi alikuwa anamsomea hitma.

Tatizo kila mtu ana toleo lake. Baba mdogo anasema babu alishuhudia kwa macho baba yake akinyongwa, shangazi anasema babu wakati huo hata hajazaliwa, grupu la familia la wasapu imekuwa vita ya tatu ya dunia. Swali langu, hizi hadithi zina thamani yoyote au nizitupe nibaki na vitu tu? Na vitu vyenyewe vinasema nini? Niwahishieni majibu maana baba mdogo keshasema nyota na riale apewe yeye azisafishe zing'ae aziweke sebuleni.

dada_wa_Kisosora

Pole na msiba kwanza. Kabla ya yote MZUIE BABA MDOGO. Asisugue kitu, si kwa ndimu si kwa majivu si kwa dawa ya meno, akisugua nyota ile maandishi yanalika na riale inapoteza alama zake. Na hizo karatasi msipeleke stationery kulaminisha tafadhali, najua kila mtu akiona karatasi ya zamani mkono unamwasha wa kulaminisha, ile plastiki ya moto ikishashika haitoki tena na ikianza kugeuka njano inaondoka na wino.

Piga picha kila kitu mbele na nyuma, mchana karibu na dirisha bila flashi, na uandike kilikuwa wapi ndani ya kasha na kimefungwa na nini. Kama picha ya babu ilikuwa ndani ya msahafu hiyo ni habari tosha, maana kuna mtu aliiweka pale. Nyuma ya picha usiandike kwa biki, penseli tu tena kwa mkono mwepesi. Ukimaliza hapo wagawane wanavyotaka.

riale_na_rupia

Nimeona riale nikaacha kula 😂

Ndugu yangu hiyo sarafu haikwambii mwaka wowote. Huyo mwanamke ni Maria Theresa, malkia wa Austria, alikufa Novemba 1780, na tangu hapo sarafu zake zikaendelea kupigwa na mwaka ule ule 1780 bila kubadilishwa, kwa sababu wafanyabiashara wa Arabuni, Uhabeshi na pwani yetu walishaizoea sura hiyo, ukiwapa yenye mwaka mwingine hawaitaki. Zimepigwa Vienna, miaka ya 1930 zikapigwa Roma na London, baadae hadi Bombay na Birmingham. Kwa hiyo riale yenu inaweza kuwa ya wakati wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, na inaweza kuwa ya juzi tu enzi za Mwingereza, yote yameandikwa 1780. Kuna vialama vidogo kwenye manyoya ya ndege na kwenye broochi ya bega ambavyo wataalamu wanavitumia kujua imepigwa wapi, ndo maana nakazia asisugue.

Ila usiitupe hadithi yote kwa sababu mwaka umekataa. Mtu alieitazama akaona 1780 akaunganisha na ujio wa babu, hapo ndipo hesabu ilipoingia kosa, lakini habari kwamba kulikuwa na mtu wa jahazi inaweza kuwepo kabla ya hesabu hiyo. Na mi ningeangalia zaidi kile kikuku. Riale iliyochomelewa kikuku kwa kawaida ni pambo la mwanamke, inatoka kwenye mahari au anapewa binti na mama yake. Sasa unaniambia ni ushahidi wa mwanaume alieshuka na jahazi? Uliza kwanza nani alikuwa anaivaa kabla ya bibi. Utakuta njia yake inapita kwa wanawake watupu, na hao ndio huwa hawaandikwi popote.

mtoto_wa_askari

Mzee wangu nae alikuwa Keya kwa hiyo hapa nina la kusema, vumilieni urefu.

Nyota ya Bama ilitolewa kwa waliotumikia huko kati ya Desemba 1941 na Septemba 1945. Nyota za vita ya pili za Mwingereza kwa askari wetu hazikuchorwa jina, tofauti na medali zake za vita ya kwanza ambazo ukigeuza ukingoni unakuta namba na jina. Kwa hiyo nyota peke yake inathibitisha kwamba kuna mtu alienda Bama, haithibitishi kuwa ni babu yako, watu walirithi, walinunuliana, wengine waliweka rehani dukani. Inabidi kitu kingine kiitetee. Picha ndo inaweza kuitetea. Hiyo kofia iliyokunjwa upande ndo waliyokuwa wanavaa Bama. Chukua kioo cha kukuzia uangalie begani, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Ukikiona kifaru basi umefika mbali, maana kwenye divisheni hiyo batalioni za Tanganyika zilikuwa ya 26 na ya 36.

Halafu kumbuka alivyokuwa anasimulia. Hawa jamaa walipelekwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) 1943, mwaka 1944 wakaingia bonde la Kabaw katikati ya masika ya kule, tope hadi kiunoni, malaria, na Desemba wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin. Kama mzee alikuwa anasimulia mvua na mruba na nyumbu wa mizigo kuzama kwenye matope, hiyo hadithi ina sahihi ya mahali. Kama alikuwa anasimulia kisiwa na Wafaransa, basi huenda alipita Madagaska 1942 kwanza, Keya wa Tanganyika walikuwepo na huko. Shajara za vita za batalioni zilizokuwa Bama zipo kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa la Uingereza, Kew London, kundi WO 172, ila usitegemee kukuta jina la babu, maofisa waliandika majina ya wenzao, askari wetu wanatajwa kwa idadi. Utapata tarehe na njia walizopita, unakwenda kuzilinganisha na masimulizi.

Sasa hiyo ya kunyongwa. Viongozi na watu wa Songea walinyongwa mwanzoni mwa 1906, Songea Mbano akiwa miongoni mwao, hadi leo kumbukumbu inafanyika pale kila tarehe 27 Februari. Piga hesabu mwenyewe. Babu ashuhudie kwa macho na akumbuke, lazima awe amezaliwa tuseme 1900. Bama 1944 ana miaka 44?? Jeshini walikuwa wanachukua vijana. Afu akazaa na bibi yako alieanza kuzaa baada ya vita. Haikai. Lakini shangazi nae asishangilie mapema, kwa sababu Mngoni, na si Mngoni tu, baba mkubwa ni baba na baba wa baba akitajwa kwa heshima nae anaweza kuitwa baba. Alienyongwa anaweza kuwa kaka mkubwa wa baba yake, au babu yake kabisa. Masimulizi yanapenda kukunja vizazi viwili vikawa kimoja, hasa pale yule wa katikati hakuwa na tukio kubwa la kusimulia. Mtu alielima mahindi yake kwa amani akafa nani anamtaja?

Kwa hiyo babu alieona si huyu wenu, ila kuna MTU aliona, na akamsimulia mtoto wake kwa namna ambayo mtoto akaibeba kama yake. Mtafute huyo wa katikati.

mjukuu_wa_Muheza

Duh. Wa katikati kweli hakuna anaejua hata jina lake, tunajua babu na tunajua "alienyongwa". Na kuhusu mruba ni kweli, baba anasema mzee alikuwa anawatisha nao wakikataa kuoga mtoni.

Na huyo kaka wa bibi alieliwa na bahari?

mtoto_wa_askari

Hapo nilikuwa nasubiri uulize. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Ceylon ilipigwa torpido na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi, ikazama ndani ya dakika chache, wakafa zaidi ya watu 1,200. Wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, rejimenti ya 301. Waliopotea na meli hiyo wameandikwa kwenye mnara wa Afrika Mashariki ndani ya makaburi ya vita Nairobi, barabara ya Ngong. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina tovuti unatafuta jina bure kabisa. Jaribu tahajia zote, maana karani Mzungu aliandika alichosikia, Athumani utamkuta Asumani, Othman, Asman.

Si lazima iwe meli hiyo lakini "aliliwa na bahari" plus vita plus hakuna kaburi, mi ningeanzia hapo.

(Kwa wanaotafuta wa vita ya KWANZA, wapagazi wa kariakoo (Carrier Corps) na wenzao, msikate tamaa mkikosa jina. Tume hiyo hiyo ilitoa ripoti 2021 ikakiri kwamba Waafrika wengi mno hawakuandikwa majina kabisa. Kukosekana kule haimaanishi babu yenu hakwenda.)

ustadhi_Makorora

Assalaam alaykum. Huo msahafu ndio mali yenu kubwa kuliko vyote hivyo, wazee wa pwani kuandika vizazi kwenye kurasa za mwanzo ilikuwa kawaida. Tuma mstari mmoja mmoja tukusaidie, usifungue sana mgongo wake ukakatika.

Cha kuangalia ni mwezi. Wazee hawakuandika Januari wala Machi, waliandika mfungo. Mfungo mosi ni Shawwali, mwezi baada ya Ramadhani, mfungo tatu ni mwezi wa Hija, mfungo sita ni mwezi wa Maulidi, na kuendelea hadi mfungo tisa, kisha Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Na siku inaanza magharibi. Wakiandika usiku wa Ijumaa ujue ni ule ambao wewe unauita Alhamisi usiku. Watu wengi wanahamisha siku nzima hapo, afu wanasema msahafu umekosea.

mjukuu_wa_Muheza

Waalaykum salaam ustadhi. Mstari wa kwanza kama nimeusoma sawa ni mtoto wa kiume "kazaliwa usiku wa Jumatano mfungo sita sanat 1339". Jina ni la huyo kaka wa bibi!! Na chini kuna orodha nyingine kwa wino tofauti, nadhani ndo baba zetu.

ustadhi_Makorora

1339 ya Hijria ilianza katikati ya Septemba 1920, kwa hiyo mfungo sita unaangukia kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba 1920. Usiku wa Jumatano ni Jumanne jioni kwa kalenda ya ukutani. Februari 1944 inamkuta ana miaka ishirini na tatu hivi. Umri wa askari kabisa.

Wino tofauti na mwandiko tofauti maana yake msahafu ulihama mkono. Aliandika nani ule wa kwanza? Kama ni baba wa bibi, yeye alikuwepo siku mtoto anazaliwa, huo ni ushahidi wa mtu wa karibu. Ila kama majina yote ya orodha yameandikwa kwa kalamu moja na mkono mmoja, huenda yalinakiliwa siku moja baadae, na tarehe za wakubwa ni za kukumbuka.

kiboko_ya_porojo

Mi nawashangaa, dunia ya leo bado mnahangaika na riale na misahafu. Pima DNA uachane na porojo za wazee, walikuwa waongo wale, pwani nzima kila mtu katoka Arabuni, nani basi alibaki hapa?

mama_wa_Pangani_mjini

Mwanangu kiboko punguza ukali. DNA ni nzuri lakini itakwambia nini? Ile kazi ya 2023 iliyotolewa kwenye jarida la Nature, walipima mifupa ya makaburi ya kale ya pwani wakakuta kweli wanaume wa Uajemi waliingiliana na wanawake wa Kiafrika, na mchanganyiko ulishaanza kama miaka elfu iliyopita. Kwa hiyo waliosema wana damu ya ng'ambo hawakuwa waongo wote, na waliosema sisi ni wa hapa hapa nao walisema kweli. Lakini asilimia haikupi jina la mama yake bibi.

Sasa mjukuu nikwambie kwa upole kwa sababu ni kwetu. Pangani ilikuwa bandari ya misafara, watu wamepita pale wakiwa na minyororo, hapa Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria 1922, bibi yako kazaliwa miaka michache tu baadae. "Tulishuka na jahazi" kuna waliosema kwa sababu ni kweli na kuna waliosema kwa sababu ilikuwa inamfunga mdomo muulizaji. Kwenye jahazi kuna nahodha, kuna abiria na kuna shehena. Usije ukamkalisha mzee mbele ya simu inarekodi ukamuuliza "sisi tulikuwa waungwana au watumwa", atakufukuza na haki yake.

Uliza ya pembeni. Mlikuwa mnazika wapi, upande upi wa makaburi? Nani alikuwa anawaosha maiti? Harusi ya fulani mahari alipokea nani? Somo wa bibi alikuwa nani? Watani wenu ni kina nani na walikuwa wanachukua nini msibani? Na miiko, kuna nyama gani bibi alikuwa haigusi bila kusema sababu? Pwani tunajifanya hatuna miiko ya koo lakini ikija nyama fulani mtu anasema "inanidhuru tu", na mama yake ilimdhuru na bibi yake ilimdhuru. Mimi hiyo naiamini kuliko riale.

Na majina yanazunguka. Salum bin Hamisi bin Salum bin Hamisi, hao ni watu wanne lakini wajukuu wanakusimulia kama wawili. Kila ukisikia kisa cha Hamisi uliza, Hamisi yupi, mume wa nani? Mke ndie atakutenganishia.

dada_wa_Kisosora

Mama wa Pangani nakuunga mkono. Niongeze kwenye kuandika, kila kisa weka jina la aliekusimulia, yeye alisikia kwa nani, na lini. Matoleo ya baba mdogo na shangazi yaandike YOTE mawili jinsi yalivyo, usichanganye ukatengeneza la tatu linalopendeza. Linalopendeza ndo wajukuu wako watalikariri.

Na ile kadi ya mkonge ni kipande, siku 30 za kazi ambazo ulitakiwa uzimalize ndani ya siku 42. Halafu huko Songea, kama ukoo wa babu walikuwa wakristo kabla yeye hajasilimu Tanga, Wabenediktini wapo Peramiho tangu 1898 na vitabu vya ubatizo vya Wakatoliki vina jina la baba, la mama na la msimamizi, na pembeni wanaandikaga na ndoa. Ndugu zake waliobaki wanaweza kuwemo hata kama yeye hayumo. Huyo wa katikati anaweza kutokea pale kama "baba wa mtoto" tu, kwenye mstari mmoja. Ila uende na jina la ukoo, bila hilo utarudi mikono mitupu.

mjukuu_wa_Muheza

Jamani asanteni kweli. Baba mdogo kakubali nyota isisuguliwe, kwa sharti nimtengenezee picha kubwa ya fremu, sawa tu. Kifaru begani siwezi kuapa, kuna kitu cheusi cha duara, ntaskani vizuri.

Nimeingia ile tovuti ya makaburi. Kuna majina mawili yanafanana na la kaka wa bibi, yote mizinga, yote 12 Februari 1944. Kwanza nikaruka kwa furaha tarehe imekubali afu nikakumbuka wote walikuwa meli moja tarehe lazima ifanane 😅 Mmoja kaandikiwa jina la baba, mwingine hana kitu. Na kwenye msahafu jina la baba mi nasoma kama Bakari ila shangazi anasema baba yake bibi hakuwa Bakari.

ustadhi_Makorora

Nukta zimefutika hapo bila shaka. Bila nukta be, te na nuni (herufi za b, t na n) zote ni jino moja tu. Usiamue. Piga picha ya mstari huo peke yake, taa iwe ya ubavuni mwa karatasi ili mkwaruzo wa kalamu uonekane, unitumie inbox pamoja na mstari mwingine wowote wenye neno "bin" ulioandikwa na mkono huo huo. Na shangazi anasema alikuwa nani?